Mzee Aliyesikiliza Swichi

Najua utacheka. Lakini Akinyi yuko hai, anafanya kazi Kibera mpaka leo, na ukitaka nitakupeleka umuulize mwenyewe. Mambo haya yalitupata sisi wawili, tena si usiku. Ilikuwa saa nane mchana, jua likiwaka.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika kliniki ndogo ya akina mama pale Kabiro, Kawangware. Kliniki ina tawi Kibera, na huko ndiko aliko Akinyi, fundi mwenzangu. Kila tawi lina seva yake, na seva zote mbili hubeba rekodi zilezile: ukiandika kitu Kibera, nakala inatua Kabiro papo hapo. Ndivyo inavyotakiwa. Ila wiki ile nakala zilikuwa zinachelewa, wakati mwingine saa nzima. Mama mmoja akaletwa kwetu kutoka Kibera akiwa na uchungu, na rekodi yetu haikuonyesha kwamba kuna dawa inayomdhuru. Nesi alikuwa ameshaivuta kwenye sindano. Ni yule mama mwenyewe aliyemzuia. Sista Nekesa, mkubwa wetu, aliniambia bila kupandisha sauti kwamba nisiporekebisha, Jumatatu tunarudi kwenye faili za karatasi.

Basi Jumamosi nikaazima swichi tatu, vile visanduku vinavyounganisha nyaya za mtandao, nipime ipi inapitisha data haraka. Nikafunga ya kwanza, nikapima. Ya pili. Ya tatu, ile ya bei ghali. Zote zilinipa aibu ileile: inaenda vizuri, inakwama, halafu inaenda tena.

Nikiwa nimeshika kichwa, mzee wa ovaroli ya bluu akaingia. Nilidhani ametumwa na mwenye ploti, jengo tulimopanga. Akanisalimu, akainama, akaweka sikio juu ya swichi kama daktari anayesikiliza kifua. Nikammiminia chai, maana ilikuwepo.

"Hizi zote ziko sawa, mama," akasema. "Shida iko Kibera. Kuna waya umekaliwa na friji ya chanjo. Ujumbe unafika umevunjika, unatumwa tena, na huku mnangoja tu."

Nikampigia Akinyi. Kabla sijamaliza salamu akanikatiza, akaninong'onezea kwamba kuna mzee wa ovaroli ya bluu ameingia huko, amelaza sikio kwenye swichi, na anamwambia asogeze friji.

Wewe ungefanya nini? Nikamgeukia mzee wangu. Akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, na kwenye simu nikasikia kicheko hichohicho. Niamini, kazi yangu ni kupima kuchelewa. Hapakuwa na kuchelewa hata kidogo.

Ajabu ni kwamba hofu haikukaa. Kicheko kile kiliambukiza. Akinyi akashikwa kule, nami huku, tukacheka mpaka machozi, watu watatu, au wanne, hesabu wewe. Akinyi akasukuma friji kwa nyonga, akautoa waya uliopondeka, akaweka mwingine. Nikapima. Namba za kuchelewa zikashuka, zikatulia. Nilipogeuka kumshukuru mzee, kiti kilikuwa kitupu. Kikombe nilichompa kilikuwa kimekwisha chai, na kile Akinyi alichompa wa kwake vilevile. Walinzi wa pande zote mbili waliapa kwamba hawakuona mtu akiingia wala akitoka.

Jioni hiyo mama mwingine aliletwa kutoka Kibera kwa teksi. Rekodi yake ilifika kabla yake, kundi la damu na kila kitu. Akajifungua msichana mwenye sauti ya kuamsha ploti nzima, na Sista Nekesa, ambaye hata kutabasamu hupima, akacheza pale koridoni.

Tumeshabadilisha swichi mara mbili tangu siku ile, na namba hazijawahi kupanda. Ila mara mojamoja, nikiwa kazini, kicheko hunishika bila sababu yoyote. Nikimpigia Akinyi, nakuta naye ameshikwa, dakika ileile.

Kwa hivyo wewe unayefunga mitambo, nisikilize. Mtu usiyemjua akiinama kusikiliza kifaa chako, usimfukuze, wala usimuulize kitambulisho. Mpe chai, umwache amalize. Lakini kama moyo wako ni mwepesi, usithubutu kumpigia simu mwenzako wa upande wa pili. Sisi tulicheka. Mwingine angezimia.