Wati Ishirini na Mbili

Kwa miaka ishirini na tisa alisimamia maabara ya fizikia ya shule ya sekondari ya wasichana, na humo hakikuwahi kuharibika kitu isipokuwa kipimajoto kimoja, ambacho hadi leo anamjua aliyekivunja. Wanafunzi walimwita Bi Mizani. Hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mwalimu akisema gramu mia, mezani pana gramu mia. Msichana aliyeleta jibu la nambari tupu, bila kipimo, alirudishwa kwenye kiti chake. “Tano nini? Mbuzi?”

Alipostaafu alihamia kwa mdogo wake, katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja linalotazama kamba za nguo. Alikuja na sanduku, kompyuta mbili, na mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, ile inayoonyesha kifaa kinakula wati ngapi. Kompyuta ya kwanza ilikuwa ya mezani, nyeusi na nzito, iliyotupwa na ofisi ya mhasibu wa shule. Ya pili ilikuwa mpakato ambayo betri yake ilikwisha kufa, kwa hiyo ukichomoa waya inazimika papo hapo.

Mdogo wake ni mchora mabango. Mtaani wanamwita Brashi. Nusu ya majina yaliyoko juu ya milango ya maduka katika barabara ile ni mkono wake: kinyozi, duka la dawa, fundi viatu, pamoja na onyo la “Usikojoe Hapa” kwenye ukuta wa ghala, ambalo yeye mwenyewe analiona kuwa kazi yake bora kwa jinsi herufi zilivyopeana nafasi. Miaka minne iliyopita mkono wa kulia ulianza kutetemeka, kwanza kidogo, halafu hata akiwa ameketi tu. Daktari aliwaeleza kwamba kuna protini kwenye ubongo inayojikunja vibaya, kwamba kuna dawa za kutuliza, na kwamba tiba bado. Tangu hapo Brashi hachori. Nyumba inaendeshwa na mkewe, ambaye hufua na kupiga pasi nguo za watu.

Ilikuwa katika kusoma habari za protini hiyo ndipo Bi Mizani alipokutana na mradi. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha mbali walikuwa na hesabu kubwa kuliko mashine walizokuwa nazo. Wakaikata vipande, na kila kipande wakakiita kazi. Mtu yeyote mwenye kompyuta nyumbani angeweza kuomba kazi moja, mashine yake ikaipiga hesabu, akarudisha jibu, akapewa nyingine. Hakuna malipo. Masharti yalikuwa mawili. Kazi irudishwe ndani ya siku kumi, la sivyo inapewa kompyuta nyingine. Na mwishoni mwa awamu, kila aliyekubaliwa kazi kumi au zaidi angechapishwa jina katika orodha ya waliochangia.

Alijiandikisha kwa jina la mdogo wake, jina kamili, kisha akamweleza. Swali la Brashi lilikuwa moja.

“Wataliandika kwa herufi gani?”

“Za kompyuta. Sijui zipi.”

“Zisiwe zile za kulala tu, dada. Jina lililolala linaonekana kama linaomba radhi.”

Alikuwa ameandika majina ya watu kwa miaka thelathini, na lake halikuwa mahali popote. Wenye maduka hawakutaka hata asaini kwenye pembe ya kibao. Tiba haitamkuta, hilo alilikubali mapema kuliko wote nyumbani. Alichotaka ni kuwa kwenye orodha hiyo.

Mradi ulikuwa na ukurasa ambapo watu walilinganisha mashine zao: nani anapiga kazi haraka, nani anatumia umeme kidogo. Bi Mizani alizipima zake kwa wiki tatu. Kompyuta ya mezani ilikula wati mia na sitini na tano na kumaliza kazi kwa saa ishirini, yaani uniti tatu nukta tatu za umeme. Mpakato ilikula wati ishirini na mbili na kuchukua saa sitini na sita, yaani chini ya uniti moja na nusu. Ilikuwa polepole kama konokono, lakini kwa kila kazi ilitumia chini ya nusu ya umeme wa ile kubwa. Alituma jedwali lake kwenye ukurasa ule, na mtu asiyemjua akamsifu kwa usafi wa vipimo. Kompyuta ya mezani ikazimwa. Mkewe Brashi akaitumia kuwekea kapu la nguo zilizokwisha kupigwa pasi.

Nyumba ile ina soketi moja ya kuaminika, ile ya ukumbini. Nyingine hulegea zikaunguza plagi. Kwa hiyo mpakato iliwashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni, pasi ilipochukua zamu. Saa saba kwa siku. Kazi iliisha siku ya kumi saa sita mchana, na Bi Mizani alikuwa na alasiri nzima ya kuipeleka kwenye duka la fotokopi, lenye intaneti. Mwenye duka, ambaye mtaani wanamwita Fotokopi, ni mwanafunzi wake wa zamani, mama wa watoto watatu sasa.

“Mwalimu, nyumbani huna wifi?”

“Ninaye. Ndiye anayenifukuza kwenye soketi.”

Kazi nne zilikwenda hivyo. Kisha wateja wa pasi wakaongezeka, na wifi yake akaja ukumbini na kapu kiunoni.

“Wifi, naomba soketi saa tisa badala ya saa kumi. Watu wanachukua nguo saa kumi na moja, nami sijafika hata kwenye mashati.”

“Pasi yako inakula mara arobaini na tano ya mashine yangu.”

“Inakula, nasi tunakula. Hiyo yako inakula peke yake.”

“Inafanya kazi.”

“Kazi gani hiyo, wifi? Haina jasho, haina mshahara, haina hata kelele.”

Brashi alicheka kwenye kiti chake. Bi Mizani alitoa saa moja. Jioni ile akafungua daftari na kupiga upya hesabu ya umeme: kazi moja bado ni saa sitini na sita, bado ni wati ishirini na mbili, bado ni chini ya uniti moja na nusu. Hakuna kilichobadilika, akaandika. Siku hakuzihesabu. Sitini na sita kugawanya kwa saba ni tisa na kitu. Kugawanya kwa sita ni kumi na moja. Mwanamke aliyewakaripia mabinti wa watu kwa kubadilisha kitu kimoja kwenye jaribio na kuacha kutazama vingine alibadilisha kimoja, akatazama kile alichokipenda.

Kuanzia hapo kila kazi ilimalizika siku ya kumi na moja, saa tisa alasiri, na kupelekwa dukani jioni. Mashine ilijibu neno lile lile kila mara: imepokelewa. Ukurasa wa kumbukumbu za mradi ulihitaji neno la siri alilokwisha kulisahau, naye hakuona haja ya kulitafuta, maana daftari lilikuwapo. Kila aliporudi kutoka dukani mdogo wake aliuliza, “Ya ngapi?” Ya kumi ilipofika Brashi aliomba anyolewe ndevu. Ya thelathini alimtania mkewe kwamba sasa ameolewa na mwanasayansi. “Basi mwanasayansi anipishe nipige deki,” mkewe akasema.

Ya arobaini na mbili ndiyo ilikuwa ya mwisho, kwa kuwa awamu ilikuwa inafungwa. Watafiti waliomba waliojitolea wawatumie vipimo vya mashine zao, ili watoe ulinganisho wa kompyuta za nyumbani. Bi Mizani alituma jedwali lake la miezi kumi na tano, limepigiwa mistari kwa rula. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, akalisomea dukani, amesimama.

Lilikuwa jibu la adabu. Walimshukuru kwa vipimo vya uangalifu ambavyo hawajaviona mara nyingi. Walitaka tu kusahihisha jambo moja: kazi zilizokubaliwa kwa jina hilo zilikuwa nne. Thelathini na nane zilifika baada ya muda, kila moja kwa siku moja, na wakati huo kompyuta nyingine ilikuwa imekwisha kupewa. Hazikutumika. Walimtakia afya njema.

Aliomba kalamu. Kwenye karatasi ya kufungia alipiga hesabu: uniti sitini na moja za umeme, kazi nne. Uniti kumi na tano na robo kwa kila kazi. Ile kubwa yenye kapu la nguo juu yake ingetumia tatu nukta tatu.

“Orodha imeshatoka, Mwalimu,” Fotokopi alisema. Alikuwa amesoma kila kitu juu ya bega lake. “Nimeitafuta. Hayumo.”

“Hawezi kuwamo. Walitaka kumi.”

“Naweza kumwingiza. Dakika mbili tu. Nitatafuta mwandiko unaofanana, nachapa ukurasa huo mmoja. Nani atajua?”

Bi Mizani aliikunja karatasi yenye hesabu. Fotokopi alingoja, kisha akageukia mashine yake akaanza kuandika. Hakuzuiwa.

Nyumbani karatasi ilipokewa na wifi yake kwanza, kwa mikono yenye povu. Alishuka na majina kwa kidole, safu nzima ya watu wasiojulikana, mpaka akalifikia. Alilisoma kwa sauti. Akalisoma tena.

“Kumbe kile kimashine kilikuwa kinafanya kazi,” alisema, akamwekea mumewe karatasi mapajani na kutoka kwenda kumwambia mwenye duka la dawa.

Brashi aliishika kwa mkono wa kushoto, ulio mtulivu kidogo. Hakuanza na jina lake. Alianza juu, akashuka taratibu, kama mtu anayekagua ukuta wa mwenzake. Alipofika kwenye lake aliisogeza karatasi karibu na macho.

“Hii a ina kofia juu,” alisema. “A zote nyingine ni duara na kijiti. Na limekaa chini ya mstari, kidogo tu. Nani alilipanga?”

“Fotokopi.”

“Na wewe ukasimama pale.”

“Nilisimama.”

“Kweli ni ngapi?”

“Nne.”

“Uliniambia arobaini na mbili.”

“Zilifanywa arobaini na mbili. Zilizofika ndani ya siku kumi ni nne. Zile za mwanzo.”

Brashi hakuwa mtu wa hesabu, lakini alikaa ukumbini kutwa na alijua soketi ilibadilisha mikono lini. “Kabla mke wangu hajaichukua saa tisa,” alisema.

“Yeye aliomba saa. Wa kuhesabu siku nilikuwa mimi.”

“Anajua?”

“Hajui.”

Mlango ukafunguliwa. Mkewe aliingia akiwa bado anamalizia maneno aliyokuwa akimwambia mtu barabarani, akajifuta mikono kwenye khanga.

“Wifi, nilikuwa nakusumbua bure. Kuanzia kesho chukua saa yako. Pasi nitaianza saa kumi kama zamani, wateja watasubiri.”

Awamu ilikuwa imefungwa siku tisa zilizopita. Bi Mizani alimtazama mdogo wake. Brashi aliusukuma mkono wa kulia chini ya paja, akaukalia.

“Mshukuru,” alisema.

“Ahsante, wifi.”

“Na hii karatasi isikae mapajani itachafuka. Naitundika hapo mbele yako, mume wangu, uwe unaiona.” Akaichukua, akaisawazisha kwa kiganja, akaenda jikoni kutafuta msumari.