Fimbo Aliyochaguliwa Mume Wangu

Hapa Iguguno ukitaja Winfrida, kila mtu anajua unamsema yule wa meza ya pool. Meza yenyewe iko chini ya turubai, ubavuni mwa grosari, pale malori ya alizeti yanapoegesha. Winfrida ndiye anayepokea sarafu, ndiye anayepiga brashi kitambaa cha kijani asubuhi, ndiye anayewafukuza wanaotaka kukalia ukingo. "Meza siyo kitanda, ndugu yangu," atakwambia, na utashuka. Kwao ni Mitundu. Mjomba wake alikuwa na meza huko, naye alikua akiokota mipira kwenye matundu kabla hajawa mrefu wa kuona juu ya meza. Alipoachika akaja huku kusimamia meza ya mtu, hana mtoto, hana ndugu. Anavaa jinzi, na juu ya jinzi anafunga kanga. Chaki ya bluu anaibana kwenye kilemba, ukitazama kwa mbali utadhani ni pambo.

Nayajua haya kwa sababu nimemwangalia sana. Mtu ambaye mume wako anamtaja wakati wa kula, lazima utamwangalia.

Mume wangu anaitwa Peniel. Anafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, anabeba magunia na kumimina mbegu. Zamani alikuwa akitoka kazini anakuja moja kwa moja, ananuka mafuta, anambeba mtoto wetu Luciana na kuzunguka naye uani huku anamwimbia. Tangu msimu huu uanze anapitia kwenye meza kwanza. Alipoanza hakujua hata kushika fimbo. Winfrida akamfundisha: miguu iweke hivi, kidevu kishuke, mpira usiupige kwa hasira. Baadaye akaanza kuwashinda hata madereva. Akifika nyumbani ugali unapoa, yeye anasimulia.

"Dada Winni kasema sasa nimeanza kuiva," akaniambia siku moja. "Kasema nitafute fimbo yangu mwenyewe. Zile za pale zinashikwa na kila mtu, leo unacheza na hii, kesho na ile, mkono hauzoei."

"Winni," nikasema.

"Si ndivyo wanavyomwita."

Mimi sikuwahi kumsikia mwingine akimwita hivyo.

Tulipouza alizeti zetu akasema Jumamosi anakwenda Singida Mjini kununua fimbo, na Winfrida ataenda kumsaidia kuchagua. Alinieleza akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, uso sikuuona. Nikasema na mimi nitakwenda, nataka kumnunulia Luciana viatu.

Akainua kichwa akaitazama miguu ya mtoto. "Huyu hajaanza kutembea."

"Ataanza."

Tukaenda. Kwenye gari nilikaa katikati yao.

Duka lilikuwa karibu na soko, linauza jezi na mipira, fimbo zimesimamishwa kwenye kona. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Akaleta moja nyeusi inayong'aa, imechorwa joka la rangi ya dhahabu. "Hii ndiyo ya mabingwa, kaka. Ukiingia nayo tu, mwenzako anatetemeka."

Nilimwona Peniel anavyoipokea. Hata Luciana alipozaliwa alimpokea hivyo, kwa viganja viwili.

Winfrida hakuigusa. "Hapo unalipia joka," akamwambia. "Joka haliingizi mpira." Akamgeukia muuzaji. "Tupe zile za kawaida, za vipande viwili."

Winfrida akazilaza juu ya kioo cha kaunta, moja baada ya nyingine, akazibingirisha huku ameshusha jicho mpaka usawa wa kioo. Moja ikawa inapanda na kushuka katikati kama mbuzi anayechechemea. "Hiyo rudisha." Nyingine akaibonyeza nchani kwa ukucha. "Hii siyo ngozi, chaki haitashika." Akafungua kiungo, akakifunga, akaitikisa fimbo sikioni kusikia kama inalia. Alikuwa anaongea polepole, anamfundisha Peniel. Anayejifunza asichukue ile rahisi kuliko zote, kwa sababu itapinda kabla hajaizoea. Asichukue na ile ya ghali, kwa sababu atalipia kitu ambacho mkono wake haujafika. Achukue iliyonyooka, yenye ncha ya ngozi ambayo ikiisha inabadilishwa. Basi.

Halafu akamwekea Peniel fimbo mkononi, akamsukuma kiwiko kidogo kwa vidole viwili.

"Chukua hii nzito. Una mkono mrefu, na nguvu za magunia unazo."

Alisema hivyo bila hata kumtazama, kama fundi cherehani anayemjua mteja wake. Mimi ndiye ninayemshonea vifungo mwanaume huyu, na bado shati jipya lazima nilipime mgongoni mwake. Yeye urefu wa mkono wake alikuwa nao kichwani.

Muuzaji akacheka. "Kaka, shemeji anajua kazi. Mke wa namna hii usimwache." Na aliyekuwa anamtazama ni Winfrida.

Peniel akacheka, kisha akasema, "Mke wangu ni huyu hapa mwenye mtoto."

Kicheko kilitangulia, jibu likafuata. Mimi nilitaka jibu litangulie, na kicheko kisiwepo kabisa.

Wakati Peniel anambembeleza muuzaji amwongezee mfuko, Winfrida alinigeukia. "Mama Luciana, muisitiri hii. Isipigwe jua, isisogee jikoni. Joto linaipinda." Nikaitikia kwa kichwa. Viatu vya mtoto sikununua, na hakuna aliyeniuliza.

Sasa, kwetu fimbo ya mwanaume ina matunzo yake. Fimbo ya kuchungia ikishachongwa inapakwa mafuta, inaning'inizwa juu ya mafiga, moshi unaikomaza mpaka inakuwa nyeusi na haipasuki tena. Fimbo ya baba mkwe ilitunzwa hivyo, na mpaka leo anatembea nayo. Basi jioni ile nikamkuta Peniel jikoni kwangu, ameunganisha vile vipande viwili, anaisugua fimbo kwa mafuta ya alizeti kwa upole, mpaka kwenye ncha. Kisha akaifunga kwa kamba juu ya moto.

"Dada Winfrida amesema isisogee jikoni," nikamwambia.

Ilikuwa mara ya kwanza mimi kulitaja jina lile ndani ya jiko langu. Lilinikwaruza.

"Amesema lini?"

"Dukani, ulipokuwa unaomba mfuko."

"Atakuwa alimaanisha isiungue. Moshi siyo moto." Akashuka kwenye kigoda, akaitazama kwa chini, ameridhika. "Fimbo ya baba ina umri kunishinda mimi."

Nikaendelea kupika. Kumwambia mara ya pili ningekuwa tarishi wa Winfrida kwa mume wangu mwenyewe.

Ilikaa pale juu mpaka siku walipokuwa wanachagua, pale kwenye meza, vijana wa kwenda kwenye mashindano mjini. Peniel alikuwa anaitaka safari ile kuliko kitu chochote. Mimi nilikuwa naitaka na siitaki, maana nilijua msimamizi wa safari ni nani. Jioni hiyo nikambeba Luciana, nikachukua ndoo, nikapita pale kama mtu anayekwenda bombani.

Peniel akainama, akapiga. Mpira mweupe ukaenda zake kushoto, haukugusa kitu. Akapiga tena, ncha ikateleza.

"Peniel," akasema Stefano, dereva wa lori, "hiyo fimbo umekuja nayo kucheza au ng'ombe umewaacha hapo nje?"

Wanaume wakacheka. Winfrida akaichukua, akaibingirisha juu ya meza, ikaruka kama imekanyaga kokoto. Akaileta puani.

"Moshi," akasema. "Na mafuta. Umeipaka mafuta, Peniel?"

Peniel akawa anatazama viatu vyake. Nikasubiri Winfrida amcheke. Kwa kweli nilitaka amcheke, kwa sababu mwanaume aliyechekwa na mwanamke mbele za watu anarudi kwake mapema. Hakumcheka. Alisema taratibu, "Mjomba wangu aliharibu yake hivi hivi. Aliitundika na fimbo za ng'ombe." Kisha akaniona. "Lakini Mama Luciana, si nilikwambia?"

"Nilimwambia," nikasema. "Akanijibu moshi siyo moto."

Hapo walicheka wote, mpaka Peniel.

Kununua nyingine haikuwezekana, alizeti zilishakwisha. Winfrida akaenda kwenye kona akatoa fimbo mbili za zamani. Mwenye meza alikuwa analeta mpya, akasema, na hizi angeziachia kwa bei ya bure. Zimechubuka lakini zimenyooka, zikiwekwa ncha mpya zitamtosha mtu anayejifunza kwa muda mrefu. Moja ilikuwa nzito, nyingine nyepesi. Akampa Peniel ile nzito.

Peniel akainama. Nikaona kile ninachokiona kila siku: bega la kulia linapanda kidogo kabla kiwiko hakijasogea.

"Unainua bega tena," Winfrida akamwambia. "Nimekukataza mpaka nimechoka. Huo ni uvivu tu."

"Siyo uvivu," nikasema.

Wote wakageuka. Nikamrekebisha Luciana mgongoni ili nipate cha kufanya.

"Bega linamuuma. Alianguka na gunia nikiwa na mimba ya huyu. Kabla ya kulala namkanda, bila hivyo asubuhi shati linamshinda. Fimbo nzito inamchosha kabla hajapiga."

Winfrida akamtazama Peniel. "Hukuniambia."

"Sikuona sababu," akasema Peniel.

Maneno yale nilitamani niyafunge kwenye pindo la kanga. Zile jioni zote walizokaa pale, miguu, kidevu, kiwiko, na bega lake alikuwa hajampa. Bega liliendelea kuwa la nyumbani.

"Basi mchagulie wewe," Winfrida akaniambia, akasogea pembeni.

Nikaweka ndoo chini. Nikaibingirisha ile nyepesi kwenye meza, nikashusha jicho kama nilivyomwona akifanya dukani. Ilikwenda kimya mpaka ukingoni. Nikampa Peniel. Akainama, nami nikawa natazama bega, sikutazama mpira. Lilitulia. Nilisikia tu mpira ukitumbukia.

Winfrida alikuwa amesimama karibu nami. "Kuchagua fimbo umejifunzia wapi?"

"Dukani. Nilikuwa nakuangalia."

"Niliona unaniangalia," akasema. "Nilidhani ni kwa jambo lingine."

Nikainua ndoo yangu. Naye akatoa chaki kwenye kilemba akampelekea Stefano, ambaye zamu yake ilikuwa imefika.

Peniel alichaguliwa, na mjini tulikwenda wote, na safari hii Luciana alipata viatu. Ile fimbo iliyopinda anayo baba mkwe, anafukuzia kuku kwenye alizeti anapozianika, na anaisifu kwamba ni nyepesi kuliko ile yake. Nyumbani namkanda Peniel bega kama kawaida, labda sasa taratibu zaidi. Bado anasema Winni. Nami jioni bado napita pale na ndoo, ingawa bomba liko upande mwingine wa barabara. Winfrida akiniona ananisogezea kigoda. Nakaa, namshukuru, halafu nakigeuza kidogo ili niione mikono yao, ya wote wawili.