La-la-li-la

Mpiga gitaa haimbi kabla ya kusafisha koo, kupandisha suruali na kumkazia macho dada yake, mwimbaji mwenzake, utadhani ndiye aliyemfichia sauti. Siku hizi wamo studioni wanarekodi upya nyimbo zao za zamani zilizochaguliwa na mashabiki. Leo ni zamu ya wimbo ule ambao ubeti wake wa pili ulimpotea ujanani wakati wa kurekodi, akaziba pengo kwa "la-la-li-la". Mashabiki wameuchagua kwa ajili ya hiyo la-la tu. Wiki nzima ameifanyia mazoezi, mpaka majirani wanaiimba. Taa nyekundu inawaka. Anasafisha koo, anapandisha suruali, anafumba macho, na ubeti wote wa asili unamtoka kinywani, neno kwa neno, bila kuyumba.

Dada anavua hedifoni. "Yaani kaka, umesahau tena!"