Muhogo wa Nkandu

Mama mkwe wangu, Mapalo, ukimuuliza mali yake ni nini, hatakuonesha nyumba yetu ya mtaa wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, wala redio, wala vitenge vyake vya sikukuu. Atakupeleka shambani, kando ya barabara ya Kinsevere, akuoneshe muhogo. Hasemi mihogo. Anasema muhogo, mmoja, hata kama umejaa shamba zima. Anauita Nkandu, jina la mama yake mzazi. Mimi nilipoolewa na mtoto wake Lombe nilimcheka waziwazi, maana mimi Kapinga sijui kucheka kwa siri.

Hadithi yenyewe ni fupi. Huyo Nkandu, mama yake, alilima upande wa Kasomeno. Mapalo alipoolewa na kuja mjini, mama yake alikata vijiti vya muhogo wake, akavifunga kwa kamba ya gome, akamwekea juu ya mizigo ndani ya lori. Sahani zilivunjika njiani, vijiti vikafika. Alivipanda nyuma ya nyumba, kisha akapata shamba, na tangu hapo kila mwaka anakata, anapanda, anachimba, anakata tena.

Na niseme ukweli, ulikuwa muhogo wa kweli. Ungeweza kuutafuna mbichi, tamu, huku umekaa juu ya tuta. Majani yake yalikuwa laini, sombe, yaani kisamvu chake, haikutaka kutwangwa mpaka mikono iume. Wakati wa kiangazi, ardhi yetu nyekundu ikikauka na vumbi likilala juu ya kila kitu, Nkandu aliangusha majani yote akabaki vijiti vitupu. Ungeapa umekufa. Kumbe ulikuwa unakula akiba yake chini ya udongo, taratibu, bila kelele. Mvua ya kwanza ikinyesha, yale macho madogo kwenye kijiti yalifumbuka, na majani yakatoka.

"Unaona, mama Joëlle," Mapalo aliniambia mwaka wangu wa kwanza, akiniita kwa jina la mtoto wangu. "Inajua kungoja. Weye haujue."

Alikuwa ananisema mimi. Nilinyamaza, jambo ambalo kwangu ni adimu.

Kisha ugonjwa ukaja. Majani yalianza kukunjana, yakapata madoa ya njano, kila jani limejipinda kama mkono wenye baridi yabisi. Tulipochimba, tulikuta mizizi myembamba isiyofaa hata kumkaangia mtoto kipande kimoja. Mapalo alisema ni mvua. Akachagua vijiti vilivyoonekana vizuri, akapanda upya. Mwaka uliofuata ikawa mbaya zaidi. Akasema ni udongo umechoka. Akahamisha matuta, akapanda Nkandu yuleyule. Ikawa mbaya kuliko mbaya.

Mimi nilichoka kunyamaza. Nilimwambia watu wote wanabadilisha mbegu, kuna mbegu mpya inagawiwa, tuipande tule, mambo ya jina la bibi tuyaache. Alichukua jembe lake akaenda kulima tuta la mwisho kabisa la shamba, mbali na sauti yangu. Lombe akaniangalia kwa jicho moja tu, nikajua nimevuka mpaka.

Aliyetusaidia ni Dieumerci, kijana wa jirani aliyesomea kilimo chuoni. Nilimvuta shambani siku ya Jumamosi karibu kwa nguvu. Aligeuza jani moja chini juu, akatuonesha vidudu vyeupe, vidogo mno, vilivyoruka kama unga ukipulizwa.

"Mama, ugonjwa haiko mu udongo," alimwambia Mapalo kwa adabu, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, ambamo ndio husemwa njo. "Bile bidudu njo binaileta. Halafu inaingia mu muti yenyewe. Ukikata muti ya mugonjwa ukapanda, umepanda na ugonjwa yake. Kila mwaka unairudisha weye mwenyewe."

Mapalo alikaa chini juu ya tuta. Miaka yote ile alidhani anamlinda mama yake, kumbe alikuwa anaupanda ugonjwa kwa mkono wake. Sikuwa na hamu ya kusema nilikuambia. Nilimwonea huruma.

Alifikiri kidogo, akauliza kama anaweza kupanda mbegu za ndani ya matunda, yale madogo ya duara yanayokuja baada ya ua. Alisema labda zile hazikuumwa.

"Unaweza," Dieumerci akasema. "Lakini mbegu ya maua ni mutoto, Mama. Ua inapokea vumbi ya ua ya mwingine, nyuki njo anabeba. Mutoto atafanana na baba yake pia. Inaweza kuwa ya uchungu, inaweza kuwa ya namna ingine kabisa. Ile kijiti haiko mutoto. Kijiti ni yeye mwenyewe."

"Yeye nani?"

"Ile ya kwanza. Unakata mukono yake, mukono inaota mizizi, inakuwa muntu muzima. Kama ulitoka nayo kwa mama yako, basi iko ile ile."

Mapalo alishika shina moja lililokuwa karibu naye. "Ile mama yangu alishikaka na mikono yake?"

"Njo ile, Mama. Haijakufaka hata siku moja."

Kijana wa watu, alisema vile akidhani anafundisha tu. Mapalo alijifunika uso kwa kitenge. Dieumerci akamaliza kwa lile gumu: shamba zima lazima ling'olewe na lichomwe kabla ya mvua, la sivyo hata mbegu safi ikija itaugua. Na kama anataka Nkandu arudi, atafute kijiti kizima kwa mtu aliyewahi kumpa, mahali ambapo ugonjwa haukufika.

Basi tukaanza kutafuta. Mapalo alikuwa amegawa vijiti kwa nusu ya dunia, maana kwao mbegu ya muhogo haiuzwi. Tulikwenda kwa rafiki yake wa kwaya, tukakuta pale palipokuwa na muhogo pamejengwa choo cha wapangaji. Tulikwenda kwa mwingine aliyelima jirani ya machimbo, tukakuta majani yamekunjana hata kuliko yetu. Tulipiga simu Kasomeno kwa mpwa wake, akasema kule ugonjwa ulipita zamani, wote wamebadilisha. Mapalo alikuwa anashukuru kila aliyetujibu, anauliza habari za watoto, anaondoka. Usiku wa kuamkia Jumapili moja ngurumo ya kwanza ilisikika upande wa kusini. Asubuhi alichukua jembe, akaenda kung'oa shamba lake peke yake. Lombe alimfuata. Mimi sikuweza.

Nilikwenda mtaa wa Katuba kwa baba yangu, Papa Antoine. Sisi ni watu wa Kasai, mkoa wa mbali, na mila zetu si za kina Mapalo. Baba alifanya biashara ya vitambaa maisha yake yote, anavaa koti hata akienda kununua mkate, na tangu mama yangu Marceline afariki anakaa peke yake, na jirani ndiye anayempikia. Nilimmwagia yote, kama kawaida yangu, huku nimesimama, huku nimekaa, huku nafagia uwanja wake ambao haukuwa mchafu. Nilimwambia mama mkwe anamzika mama yake mara ya pili leo, na hakuna kijiti kimoja cha Nkandu kilichobaki kizima Lubumbashi nzima.

Baba alikohoa. Akavua koti, jambo lililonishtua. Akachukua panga, akaenda nyuma ya jiko, nikamfuata.

Pale ukutani kulikuwa na muhogo. Ulikuwapo siku zote. Nimekula sombe yake tangu nilipoolewa, kila nikija kusalimia, na sikuwahi kuuliza umetoka wapi, maana nani anauliza muhogo wa uwanjani umetoka wapi. Majani yalikuwa mapana, ya kijani, yamenyooka vizuri.

"Siku ya ndoa yako," Baba akasema bila kuniangalia, "balitupa mbuzi, balitupa bitenge, yote ilikuwa sawa. Halafu mama mukwe yako akaleta fungu ya miti. Miti, Kapinga. Mbele ya bandugu yangu yote ya Kasai. Nikajua banatutukana. Nikapokea, sikusema hata neno. Tulipofika hapa nikamwambia mama yako achome."

"Akakubali?"

"Akakubali. Akapanda."

Ndivyo alivyokuwa Marceline. Alikubali kila kitu, kisha akafanya alichoona ni chema. Baba akaniambia mama aliutunza muhogo ule kama maua ya sebuleni. Jani likijikunja tu, aling'oa shina zima na kulichoma, kwa sababu alikuwa mtu wa usafi na hakupenda kitu kilichojikunja. Baba, baada ya kubaki peke yake, aliendelea hivyohivyo. Hakujua kwa nini. Alisema tu mama yako alifanya hivyo.

Nilimpigia Lombe simu. Alasiri Mapalo alifika, miguu bado ina udongo wa shamba. Baba alikuwa amekata fungu zuri, amelifunga. Mapalo alivunja ncha ya jani, akatafuna, akafumba macho. Kisha akapokea fungu kwa mikono miwili, akalikumbatia, akageuka, akatoka getini. Hakusema neno hata moja.

Baba akabaki ameganda. "Hata aksanti?" akaniuliza kwa sauti ndogo. Nikaona uso wake umerudi kuwa ule wa siku ya ndoa yangu.

Damu ikanipanda. Nilimkimbilia Mapalo mpaka njiani, na nilimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe wake. Alinisikiliza yote. Kisha akanijibu polepole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza.

"Kwetu mbegu hatuishukuriake, mama Joëlle. Ukisema aksanti umefunga, umemaliza nayo, haitaota. Unanyamaza, unaenda kupanda. Siku muhogo ya kwanza inatoka mu udongo, siku ile njo unarudi kusema. Baba yako anajua bizuri. Siku ya ndoa nilimupa miti, akapokea kimya, hata macho hakuinua. Nilirudi nyumbani nikasema: mutoto yangu ameoa kwa bantu ba heshima. Mpaka leo namusifu. Na mbegu ya ndoa hauirudie kuomba, njo maana sikukutuma kwake."

Wewe, nilikosa pa kuweka uso wangu. Baba alinyamaza kwa hasira, naye Mapalo akauhesabu ukimya ule kuwa adabu, akamheshimu miaka yote hii kwa sababu hiyo. Nilirudi kumweleza Baba, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Usimwambie," akasema.

Nkandu aliota. Tulipanda kwenye shamba lililolala tupu msimu mmoja mzima ili ugonjwa uishe, na mpaka wakati ule vijiti tulivitunza uwanjani kwetu. Nilijifunza kukagua majani chini juu kila wiki kama Dieumerci alivyotuonesha, na kung'oa bila huruma kila linalojikunja. Mapalo alinipa tuta langu. Nilipanda kijiti kimoja kichwa chini kwa haraka zangu, naye alikigeuza bila kusema, macho ya kijiti yakielekea juu. Ninamshukuru kwa mengi, na kwa hilo la kutosema pia.

Siku ya kuchimba, muhogo wa kwanza ulitoka mnene, mweupe ndani, maji yakidondoka. Mapalo hakuuonja. Aliosha mizizi iliyo mizuri kuliko yote, akaipanga ndani ya kikapu, akavaa kitenge cha sikukuu, na sote tukaenda Katuba.

Baba alikuwa ameketi uwanjani na koti lake. Mapalo aliweka kikapu mbele yake, akapiga magoti chini, akaanza kupiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa, kama wanavyofanya kwao mbele ya mtu mkubwa.

"Mukwe," akasema, "nimekuja kusema aksanti. Ulichunga mama yangu. Bengine bote bamemuacha. Weye ulimupanda, ukamuchunga miaka yote, na haukujisifu hata siku moja."

Baba alitazama kikapu. Nilimjua baba yangu. Angeweza kuitikia kwa kichwa na kila kitu kingeisha vizuri. Nilikuwa tayari nimejiandaa kutabasamu.

"Simama, Mukwe," akasema. "Haiko miye. Miye nilisema ni kuni. Nilikasirika, njo maana nilinyamaza. Nilitaka bachome. Marceline njo alipanda. Njo yeye alichunga."

Lombe aliinamisha kichwa. Mapalo hakusimama na hakukasirika. Aligeuka palepale kwenye magoti, akaelekea nyuma ya jiko, mahali mashina ya mama yangu yalipokuwa yamesimama, akapiga makofi tena, taratibu zaidi.

"Natotela, Marceline," akasema kwa Kibemba chake, neno lao la asante. "Sikukujua bizuri. Mama yangu iko muzima kwa sababu yako. Natotela, ndugu yangu."

Nililia na sikujificha. Kisha nikasikia kiti kikisogea. Baba alikuwa anajishika kwenye mkono wa kiti, anashuka, goti moja, halafu la pili, suruali yake safi juu ya vumbi. Akaelekea kulekule.

"Na miye," akasema. "Sikukuambiaka aksanti hata siku moja."

Akapiga makofi. Hakujua kuyapiga, viganja vyake vilikuwa wazi na havikupatana. Mapalo alimsogelea kidogo, wakaendelea pamoja.