Melania Alivyomsomea Mama Yake

Melania, fundi cherehani wa pale sokoni Mwanga, ameandika kitabu cha nyumba ya kwao. Mimi Semeni binti Mwinshehe namwandika yeye, kwa mkono wangu, maana wajukuu wangu wakiniandikia huongeza urembo wao. Darasa nililoishia si la mbali. Herufi zikipinda, msomaji azinyooshe mwenyewe.

Meza yangu ya mawese imepakana na cherehani yake miaka mingi. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mzaliwa wa Kasingirima, umri unakaribia sitini. Ukimpelekea kitenge kifupi atakwambia mbele za watu, "Hiki hakikutoshi, mama, labda nikushonee mkono mmoja." Watu wanacheka, yeye hacheki, na wiki ijayo mteja yule yule anarudi, maana mshono wa Melania haufumuki.

Sasa, kule Kasingirima jina lake lilikuwa moja tu: mwongo. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita alikwenda kwa wazee wa kigango cha kanisa lao akawaambia kwamba baba yake, Gaudensi, anampiga mama yake mpaka anazimia. Wazee wakaita kikao. Mama yake, Agnesi, akaulizwa mbele ya watu, akasema mtoto anasingizia. Siku hiyo hiyo Gaudensi akamtoa Melania nyumbani na nguo alizovaa. Akaenda kulelewa na shangazi yake kule Kagunga, akajifunza kushona huko, akarudi mjini mtu mzima na mashine yake. Wadogo zake akawasomesha. Jina la mwongo halikumtoka, na yeye hakuwahi kuzunguka kujitetea. Hilo peke yake mimi nisingeliweza.

Mwaka juzi Gaudensi alifariki. Siku ya kuanua matanga, kama ilivyo desturi, mzee Leodgar alisimama akatangaza: anayemdai marehemu aseme hapo hapo, asiyesema leo asije kusema kesho. Melania akainuka kutoka katikati ya wanawake.

"Mimi namdai."

"Kiasi gani, mwanangu?" Leodgar akauliza. Castory, mdogo wa mwisho wa Melania, alikwisha tia mkono mfukoni.

"Si pesa, mzee. Ni maneno, na ni marefu. Nitayaandika."

Leodgar katika uzee wake wote hakuwahi kupata dai la namna hiyo. Alikohoa, akaagiza chakula kigawiwe.

Basi akaanza. Mteja akiondoka, Melania anavuta karatasi juu ya meza ya cherehani anaandika. Akifika mahali panapouma, anakanyaga pedali bila uzi, mashine inakwenda tupu, tri tri tri, mpaka moyo utulie, kisha anashika kalamu tena. Wapita njia walidhani mashine imeharibika. Mimi nilikuwa najua, nikawa nawafukuza.

Akajiwekea sharti moja: kila aliyemo kwenye kitabu akisikie kwanza kutoka kinywani mwake, kabla hakijakwenda kwa mchapaji. "Simshonei mtu bila kumpima, Bi Semeni," aliniambia. Akawasomea wadogo zake mmoja mmoja. Akabaki mama.

Castory alipopata habari alikuja sokoni anapumua kama aliyekimbizwa.

"Dada, unataka kumuua mama?"

"Hujasalimia, Castory. Umemruka Bi Semeni kama gunia."

"Shikamoo, bibi. Dada, mama ni mzee, mume wake kaburini, wewe unamletea mambo ya zamani! Ukimsomea hayo, mlango wa nyumbani usiuone tena."

"Mlango ule nimeuzoea kuuona kwa nje," Melania akasema, akaendelea kutia vifungo.

Lakini Castory alipoondoka, mashine ilikwenda tupu muda mrefu. Kisha akanisomea kipande cha mama yake. Kiliandikwa hivi: siku ya kikao Agnesi alikuwa kitandani na malaria, hakufika, Gaudensi ndiye aliyesema kila kitu.

"Mbona hapa si hivyo?" nikamwuliza. "Wewe mwenyewe uliniambia alikuwepo, akaulizwa."

"Nimemfunika. Kanizaa."

Sikupendezwa, na mimi nikiwa sipendezwi nasema. Nikamwambia: "Miaka yote hii unaitwa mwongo bure. Hapa ndipo umedanganya kweli."

Akaikunja karatasi. Nilijua kinachomkaba. Akimwandika mama alivyokuwa, huenda asipokelewe tena kwao mpaka mmoja wao afe. Akimfunika, ule uwongo ambao hakuwahi kuusema atakuwa sasa ameusema, na kwa maandishi.

Jumamosi akanichukua twende wote Kasingirima, nikawe shahidi asiye wa ukoo. Tulimkuta Agnesi uani, rika langu kabisa, anachambua chikichi kwenye ungo. Castory alikwisha wahi, amesimama mlangoni kama askari.

Melania akapiga magoti, akapiga makofi polepole kama Waha wanavyowasalimia wakubwa wao, akaulizia afya, akaulizia nyumba, kuku, shamba, majirani. Salamu yangu mimi mama yule aliipokea yote, mpaka na mbuzi wangu akaulizia. Ya mwanawe aliijibu neno moja tu la Kiha, "Mwakeye," ile habari ya asubuhi, akarudi kwenye chikichi zake. Ndivyo alivyokuwa akimjibu tangu siku ile.

"Mama, nimekuja kukusomea."

"Soma. Masikio hayana kazi."

Akasoma. Alisoma juu ya baba yao, vipigo vilivyokuwa, bila kupaza sauti, kama anayesoma vipimo vya nguo. Agnesi anachambua tu. Akafika kwenye kikao.

"Rudia hapo," Agnesi akasema.

"Ulikuwa kitandani."

"Nani?"

"Wewe, mama."

"Nina nini?"

"Malaria."

Yule mama akauweka ungo chini. "Malaria ya wapi? Nilikuwa benchi la mbele. Nilijifunika kitenge cha njano ili mkono huu usionekane, maana ulikuwa umevimba. Wakaniuliza. Nikasema mtoto huyu ni mwongo. Andika."

"Mama, acha basi," Castory akasema.

"Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, bado wa kunyonya. Unajua nini? Melania, umeandika?"

"Bado."

"Andika. Na mlango. Baba yenu alikutoa, komeo nikalitia mimi. Nilikusikia unagonga. Andika na hilo."

Melania alikuwa ameshika kalamu, karatasi juu ya goti. Hakulia. Akauliza, "Kwa nini, mama?"

Agnesi akaokota chikichi moja, akaigeuza kiganjani.

"Watoto walikuwa watano ndani, na sikuwa na pa kuwapeleka. Hilo nalo liandike. Ila usilitangulize, lisije likayafuta yale mengine."

Melania akainama akaandika. Nilikuwa namtazama. Mwingine angepiga kelele, angewaita majirani wote wa Kasingirima waje wasikie leo nani mwongo. Mimi ningewaita, tena kwa kupiga debe. Yeye aliinua kichwa mara moja tu.

"Kitenge kilikuwa cha njano tupu, au kina maua?"

"Kina ndege," mama yake akasema. "Ndege weusi."

Akaandika ndege weusi.

Castory akauacha mlango. Akaja akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani. "Dada," akasema, "soma tena hapo pa mkono." Melania akasoma. Agnesi akasikiliza, na alipomaliza akamrekebisha: ulikuwa mkono wa kushoto.

Kitabu kimeshachapwa, kidogo, jalada la kijani, na yuko mzee wa kigango aliyekinunua akakitia ndani ya shati. Mchapaji aliuliza kama majina yabadilishwe. Agnesi akamtuma Castory akajibu kwamba yeye jina analo, ni Agnesi, liwekwe.

Nimekisoma chote, polepole, kwa kidole. Ile sababu ya watoto watano iko mwisho wa kipande, kama mama alivyoagiza, kwa maneno yake mwenyewe. Baada yake Melania hakuongeza neno lake hata moja. Mimi ningeongeza ukurasa mzima.