Mkerewe Kwenye Kambi ya Mbung'o

Mwaka ule pamba haikuwa na bei, lakini mimi niliondoka Nansio kwa sababu ya Kabula. Baba yake, Mzee Masanja wa upande wa Kamanga, alikuwa ameikataa mahari yangu. "Uniletee ng'ombe, mbung'o wawamalize? Pori lao likikatwa, tutaongea." Niliposikia mtemi wa Wasukuma anaita watu kambini kulikata pori lenyewe, nilinoa shoka.

Alfajiri tulitweka tanga. Nililala Mwanza, kesho yake nikavuka kwa mtumbwi hadi Kamanga, kisha nikatembea kutwa nzima nikijipiga mgongoni kwa tawi. Mbung'o hawana adabu kwa mgeni.

Jioni nilifika kambini. Kwa ngoma zilizokuwa zikilia pale, nilidhani nimeingia harusini. Mzee Masanja naye alikuwapo, analinoa shoka lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mikono ya nyavu hiyo," akasema Mzee Masanja. "Haya, tutaona."

Asubuhi kazi ilianza, ngoma mbele, mashoka nyuma. Wasukuma wale walikuwa na utaratibu wao. Kila mtu huukata mti wake nusu, akauacha umesimama. Mstari mzima ukiwa tayari, mti mkubwa wa nyuma, ule wa juu mlimani, huangushwa, nao huiangusha mingine yote hadi bondeni. Sikuambiwa, wala sikuuliza. Nilitaka mzee azione nguvu zangu. Nikakata mpaka mti ukaanza kulia.

"We Mkerewe, acha!" nyapara akapiga kelele.

Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Mti wangu uliulalia wa jirani, wa jirani ukaulalia wa tatu, na huo wa tatu ukatua juu ya chungu cha uji wa kambi nzima. Wapishi walikuwa wamekwisha kukimbia, namshukuru Mungu.

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe adhabu ya kambi ilikuwa kucheza ngoma mbele ya wote uliowaharibia. Ngoma yao siijui, basi nikacheza kama mtu apigaye makasia. Watu wenye njaa walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee Masanja peke yake hakucheka, na hilo liliniuma.

Tangu siku hiyo nilikata nusu, nikangoja wenzangu. Jua lilikuwa kali, malengelenge yalipasuka, nami nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata ziwani.

Siku ya mwisho, kabla ya mvua, mzee alinishika bega. "Mti wa nyuma leo ni wako."

Nikaupiga. Mstari mzima ukateremka kwa kishindo, mbingu ikaonekana hadi bondeni. Hapo mzee akacheka, meno yote nje. "Nyasi zikiota, lete ng'ombe."

Njia nzima ya kurudi niliimba. Nyumbani mama alikuwa akisonga ugali.

"Umejifunza nini huko?"

"Kuacha kazi nusu, mama."

Akainua mwiko. Ikabidi nimwambie upesi kwamba amepata mkwe.