Simu Iliyokatika Darajani

Pyo Myeong-suk alikuwa fundi wa mitambo ya simu mjini Daejeon, mjane wa miaka thelathini na minane, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ambo. Mwaka 1995 kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha nyuma cha gari la majaribio, simu sikioni, akiongea bila kunyamaza huku gari likitoka eneo la mnara mmoja na kuingia la mwingine.

Wahandisi wa kampuni walikuwa wamegawanyika. Wengine waliutaka mfumo wa Ulaya, uliokwisha kukomaa, ambao humpa kila mpiga simu zamu yake, fupi kuliko kufumba jicho. Kina Myeong-suk walishikilia mfumo mpya: wote huzungumza kwa pamoja katika wimbi lilelile, kila mmoja na msimbo wake, kama watu ukumbini wanaosema lugha tofauti. Karatasini ulipendeza. Barabarani, simu ilikatika darajani.

Miezi miwili ilikuwa hivyo hivyo. Wiki hii ilikatika Jumatatu. Jumanne ikakatika tena, palepale.

"Dada Pyo, bado mnaongea na upepo?" Mhandisi Seol, wa upande wa Ulaya, alimtania wakati wa chakula, kantini nzima ikisikia. "Kilichoiva kipo sokoni. Nunueni, muache kulima jiwe."

"Kilichoiva ni cha jirani, kaka Seol. Tutamgongea mlango mpaka lini?"

Watu walicheka, lakini yeye alikuwa akihesabu siku. Jumamosi wangekuja wageni kutoka wizarani. Simu ikikatika mbele yao, kikundi cha mfumo mpya kingevunjwa.

Waandishi wa programu waliamini kosa limo kwenye programu, wakawa wanaiandika upya. Myeong-suk hakuridhika. Kama kosa ni la programu, mbona minara mingine inapokezana vizuri? Akamwomba Mzee Tak, dereva, wapite darajani tena. Walipita mara arobaini na moja. Maneno yalipomwishia akaanza kumsomea mwenzake aliyekuwa kituoni namna ya kutengeneza kimchi, achari yao ya kabichi: kabichi ngapi, chumvi kiasi gani.

"Binti, utanitia njaa bure," Mzee Tak alilalama.

"Endesha, baba. Bado pilipili."

Simu ikakatika. Daima ilikuwa ikielekea mnara uleule, juu ya ghorofa la duka la vitambaa. Hapo akakumbuka jambo: katika mfumo wao minara yote hufuata saa ileile, itokayo kwenye setilaiti. Mnara ukipotewa na saa, hauwezi kupokea simu kwa mwenzake.

"Simamisha gari."

"Unakwenda wapi na upepo huu?"

"Juu."

"Subiri mafundi wa minara, Jumatatu watakuja!"

"Jumatatu tutakuwa tumeshazikwa, baba."

Alipanda ngazi ya chuma hadi paani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Mwenye jengo alikuwa ameweka tangi jipya la maji, kubwa la bati, na kiantena cha kupokea saa ya setilaiti kilikuwa nyuma yake, kimezibiwa karibu mbingu yote. Myeong-suk alikaa chini akacheka peke yake, kisha machozi yakamlengalenga. Miezi miwili ya matusi kwa sababu ya tangi! Alikihamishia ukingo wa pili, akakikaza kwa spana, akashuka.

Walipita darajani mara kumi. Simu haikukatika hata mara moja.

Jumamosi, Seol mwenyewe aliomba kukaa garini na wageni, Myeong-suk akiwa mbele kando ya Mzee Tak. Alishika simu njia nzima, akiongea na mkewe, akisubiri ikatike. Waliporudi alimrudishia Myeong-suk simu kwa mikono miwili.

"Dada, haikukatika."

"Nilisikia. Mkeo anataka urudi na tofu ya chakula cha jioni."

"Bado nasema wa Ulaya ni rahisi zaidi kuutunza."

"Sema. Kesho njoo na buti, nikuonyeshe mapaa."

Alikuja, tena mapema. Mwaka uliofuata huduma ilifunguliwa kwa wananchi, na Myeong-suk akapelekwa mji wa Busan kuwa msimamizi wa minara sitini na mitatu. Wiki ya kwanza alipanda yote.